Siku saba na Shangazi, tembo anayeyumba

Jumapili, Arusha kwenda Moshi

Nimetoka Arusha saa nne asubuhi na Coaster, begi mbili na ndoo moja, ndani ya ndoo kuna chekecheke mbili, mizani ya kuning'iniza ile ya wauza nyama, madaftari manne na tochi ya mwanga mwekundu. Kondakta akaniuliza dada unaenda kufungua duka nini, nikamwambia hapana naenda kuangalia tembo wanavyokula. Akasema tembo si wapo Tarangire huko, nikamwambia hawa ni mayatima, wanalelewa na watu. Akanyamaza kidogo alafu akasema "kumbe na tembo wanakuwaga yatima." Ndiyo, wanakuwaga.

Niseme mapema kwanini hili jambo limenikaa moyoni. Kuna tembo wanne walitolewa hapa hapa Tanzania wakiwa wadogo sana wakapelekwa Karachi, Pakistan. Huko wakapewa majina, Noor Jehan, Madhubala, Malika na Sonia. Wawili wakakaa bustani ya wanyama ya mjini, wawili Safari Park. Noor Jehan alikufa mwezi wa nne 2023 ana miaka 17 tu, umri ambao jike wa porini ndo kwanza anaanza kulea. Madhubala akabaki peke yake pale mpaka mwezi wa kumi na moja 2024 walipomhamishia kwa wenzake, haikupita hata mwezi Sonia naye akafa. Ile picha ya Noor Jehan amelala chini hawezi kunyanyuka niliiona nikiwa chuo na sikuweza kuendelea kusoma siku ile, maana nilikuwa najiuliza huyu mama yake alikuwa anakula nini, wapi, msitu gani, na yeye kakulia anapewa nini. Hapo ndo nilipoamua kusomea chakula cha tembo wanaofugwa.

Moshi nimefika saa sita. Soko la Mbuyuni nimenunua neti za vitunguu ishirini na kamba za manila, muuzaji akaniuliza vitunguu viko wapi, nikamwambia zinaenda kuwekwa majani. Jioni mtori kwa mama mmoja karibu na stendi, mlima ukafunguka dakika kama kumi hivi, theluji yote nje, alafu ukajifunika.

Jumatatu

Kituo kipo upande wa tambarare kule chini, njia ya kuelekea Boma Ng'ombe, jina lake sitaliweka hapa. Vumbi, migunga, upepo. Vuli haijaanza bado na ardhi imepasuka.

Amenipokea mzee mmoja mfugaji mkuu wa pale, wote wanamwita Babu, nikamwambia shikamoo Babu, marahaba binti yangu, umekuja kutufundisha? Nikamwambia nimekuja kuangalia tu kwanza. Akasema vizuri, kuangalia hakuli chakula cha mtu.

Tembo wako watatu. Kuna Dogo, hajafika miaka miwili, bado ananyonya chupa. Kuna Kaka, dume wa kama miaka minne, mtundu, anafungua makomeo ya geti kwa mkonga. Na kuna Shangazi, jike wa miaka saba hivi, aliyekuja pale mapema kuliko wote na ndo anayewalea wenzake. Mchana wanatembezwa porini saa chache na walezi, kuanzia saa tisa alasiri wanarudi bomani mpaka asubuhi.

Na Shangazi anayumba.

Nimeambiwa kwenye simu kabla sijaja lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Anasimama karibu na geti, mguu wa mbele wa kushoto unanyanyuka, uzito unaenda kulia, unarudi, unaenda, unarudi, kichwa kinafuata, mkonga unaning'inia kama kamba ya kisima. Macho yapo wazi ila hayaangalii kitu. Leo jioni nimehesabu dakika ishirini na mbili mfululizo. Walezi wadogo wanasema anacheza, mmoja akaniambia anasikiliza muziki wake. Sikumbishia, kijana anampenda yule mnyama na ndo jibu alilopewa na yeye alipokuja. Ila sio kucheza. Kuyumba kwa namna hii, kitu kilekile kinarudiwa bila shabaha, unakiona sana kwa tembo wanaofugwa, kwa wa porini hukikuti hivi. Wakati mwingine kinaanza kwasababu ya shida ya zamani na kinabaki hata shida ikiisha, kama mtu aliyezoea kung'ata kucha, kwahiyo huwezi kumwona anayumba ukasema moja kwa moja hapa anateswa. Ila unaweza kuuliza, anayumba SAA NGAPI na kabla ya NINI.

Hiyo ndo kazi yangu ya wiki. Njia ni ya zamani, Jeanne Altmann aliiandika vizuri mwaka 1974, yeye mwenyewe mtafiti wa nyani kule Amboseli, Kenya, ng'ambo ya huu mlima. Kila dakika tano naangalia kila tembo anafanya nini sekunde ileile, naweka herufi: K anakula, T anatembea, S amesimama, L amelala, M anamgusa mwenzake, Y anayumba. Alafu kuna vipindi vya kumfuata mmoja tu nusu saa nzima bila kumwangalia mwingine. Inachosha macho. Lakini bila hivyo mtu anakumbuka vile vitu vya kushangaza tu, na siku nzima ya mnyama haijajaa vya kushangaza.

Usiku nimelala chumba cha walezi. Dogo anapewa chupa kila masaa matatu, usiku na mchana, kwahiyo kuna mtu anaamka muda wote. Maziwa yanakorogwa na mafuta ya nazi, ujuzi uliotoka kwa Daphne Sheldrick wa Kenya aliyehangaika miaka mingi kutafuta kitu cha kushika nafasi ya mafuta ya maziwa ya tembo, kwasababu ya ng'ombe yalikuwa yanawaua. Na mlezi analala na ndama lakini sio mlezi yuleyule kila siku. Hilo nalo lilimgharimu Sheldrick, yule ndama wake aliyeitwa Aisha alimzoea yeye peke yake, aliposafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake ndama akagoma kula akafa. Kwahiyo hapa walezi wanapeana zamu, na Dogo analala na mkonga juu ya kifua cha yeyote aliye zamu.

Jumanne

Leo kupima chakula. Kila kinachoingia tumekipitisha kwenye mizani: marobota ya hei (majani makavu), mabingobingo yaliyokatwakatwa, pumba zenye mashudu kwenye ndoo, karoti, na ndizi mbivu. Ndizi nyingi. Mama wa jikoni anazipanga kwenye sinia kama za wageni wa harusi.

Hapa tulibishana mimi na Babu, kwa heshima lakini tulibishana. Nilimwambia Babu hizi ndizi na hizi pumba ni nyingi mno kwa Shangazi, tazama mgongo wake umejaa, mbavu hazionekani, pale kiunoni hakuna bonde. Akasema binti yangu, huyu alikuja hapa mifupa mitupu, niliapa sitaona mbavu zake tena. Nikanyamaza kwasababu ningemwambia nini. Baadaye tukakaa kwenye gogo nikamweleza polepole: kule Marekani walipowapima tembo wa kwenye mabustani ya wanyama kwa macho, kwa alama moja mpaka tano kuanzia mwembamba mpaka aliyenenepa kupita kiasi, utafiti uliotoka 2016, asilimia 74 walikuwa wamezidi unene. Na kuna utafiti mwingine wa 2008, jike wa tembo wa Afrika aliyezaliwa bustanini umri wake wa kati ulikuwa miaka 16.9, wa Amboseli, ukiacha waliouliwa na watu, ni miaka 56. Babu akauliza "hamsini na sita?" nikasema ndiyo. Akakaa anafikiria. Yeye mwenyewe ana sitini na kidogo.

Sio unene peke yake unaoleta hiyo tofauti, kuna kutenganishwa na mama, magonjwa, kukosa wenzake, miguu. Miguu hasa. Tembo mzito akisimama siku nzima sehemu moja, tena kwenye saruji, kucha zinapasuka na vidonda havifungi, viungo vinauma. Nashukuru hapa boma lina mchanga, Dogo na Kaka wanalala ubavu kabisa. Shangazi nitamwangalia usiku.

Ila kitu kikubwa cha leo sio kilo, ni saa. Nimepima muda. Ndoo ya pumba Shangazi anaimaliza kwa dakika sita. Karoti na ndizi hata kuhesabu ni shida. Mabingobingo yaliyokatwa vipande vidogo anayazoa kwa mkonga kama mtu anayekula wali kwa mkono, yameisha. Sasa tembo wa porini anakula masaa 16 mpaka 18 kwa siku! Mkubwa anameza kama kilo 150 za majani, matawi na magome, na tumbo lake linafaidi kama nusu tu ya hicho, mara nyingi chini ya nusu, nyingine inatoka ilivyo. Hakuumbwa kushiba haraka. Kula kwake ni kutembea, kuchagua, kuvunja, kumenya, kupangusa vumbi, kutafuna, kugombana na tawi. Ukimpa vyote kwenye ndoo umemshibisha kweli, lakini yale masaa mengine kumi na nne umemwachia mikononi na hana pa kuyapeleka.

Nimeangalia daftari la jana na leo. Y za Shangazi zimejikusanya sehemu mbili: saa tisa na nusu mpaka saa kumi jioni, na alfajiri. Kabla ya ndoo. Zote kabla ya ndoo.

Jumatano

Nimeamka na homa, mchana nimelala. Jioni nimefanya kazi ya kinyesi tu: nachukua bonge moja la kila tembo, naliosha kwenye chekecheke ya matundu makubwa alafu ya madogo, napima urefu wa nyuzinyuzi zinazobaki. Zikiwa ndefu sana ujue hatafuni vizuri au meno yana shida. Tembo ana magego ya seti sita maisha yake yote, yanasogea kutoka nyuma kwenda mbele kama mkanda, hii ikiisha inasukumwa na nyingine. Za Shangazi ni fupi, safi, meno yako sawa. Ila mbegu hakuna hata moja. Mavi ya tembo wa porini ukiyavunja unakuta bustani nzima humo.

Mama wa jikoni kaniletea uji wa ndizi na kunikanya nisishike ndoo zake na hiyo mikono. Sawa mama.

Alhamisi, Kilimanjaro Magharibi

Hii ndo siku niliyoisubiri. Babu amesema kama unataka kujua Shangazi ale nini twende ukawaone wenye mali wenyewe. Tumetoka saa kumi na moja alfajiri na gari la kituo, Boma Ng'ombe, Sanya Juu, tukapanda mpaka mashamba makubwa ya ngano alafu tukashuka upande wa Enduimet. Kule nyika inaanguka moja kwa moja mpaka Amboseli, tembo hawana habari na mpaka wa nchi, wanapita ushoroba wa Kitendeni kutoka msitu wa mlima kwenda chini na kurudi. Tulikuwa na askari wa wanyamapori na mzee wa Kimaasai anayejua kila mti, alinisalimia "sopa", nikaitika "ipa", akacheka.

Saa mbili asubuhi tumekuta familia, majike na ndama, kumi na moja. Tukazima gari kwa mbali, upepo unatoka kwao.

Nimekaa masaa matano na sitasahau. Jike mmoja mkubwa, sikio la kulia limechanika, alikuwa anakula nyasi kavu ambazo mimi ningeapa hakuna nyasi pale. Anapiga ukucha wa mguu wa mbele ardhini, tap, tap, kishina kinalegea, mkonga unakizungushia unang'oa, alafu haweki mdomoni! Anakipiga gotini mara tatu nne mpaka vumbi lote litoke, ndo anakula, na mizizi iliyobaki na udongo anaitupa pembeni. Kila shina. Kwa shina moja nimehesabu kama nusu dakika, na amefanya hivyo masaa. Pembeni yake ndama wa kama mwaka mmoja anajaribu, anapiga mguu hewani, anashika nyasi inaponyoka, anamwekea mama yake mkonga mdomoni anaonja anachotafuna. Baadaye ndama huyohuyo amekula mavi ya mama yake, askari kijana akakunja uso, nikamwambia hapo ndo anapata vijidudu vya tumboni vya kusaga majani, bila hivyo majani hayamsaidii.

Mzee akaniita taratibu, akanionyesha mkonge pori. "Oldupai," akasema, ndo huo ambao lile korongo la kule Ngorongoro limepata jina. Tembo wanautafuna kiangazi kwa ajili ya maji yake, nyuzi wanazitema, na kweli pale chini palikuwa na madonge meupe ya nyuzi yamekauka kama pamba iliyokamuliwa. Akanionyesha oltepesi, mgunga wa mwavuli, gome limechunwa kwa mistari mirefu. Olerai, ule mgunga wa njano unaopenda majini. Oremit, ndo mswaki. Kila mti aliniambia tembo anachukua nini, hapa gome, hapa majani na miba yote, hapa matunda yakianguka, hapa mzizi. Nimejaza kurasa saba. Hii elimu ipo kichwani kwa wazee na watoto wao wanaenda kuendesha bodaboda, na mimi naona hawa wazee walipaswa kukaa kwenye kila kikao kinachopanga chakula cha tembo wa kufugwa, popote duniani ambapo kuna tembo wa Afrika.

Kuyumba: masaa matano, tembo kumi na moja, sikuandika Y hata moja. Walisimama kupumzika chini ya mti, masikio yanapepea, ndama wamelala, lakini ilikuwa kupumzika.

Ijumaa, bado Kilimanjaro Magharibi

Tumelala kijijini. Asubuhi mama mmoja alikuja anatutafuta, alisikia kuna watu wa tembo. Hakusalimia. Akanipeleka shambani kwake, mahindi ya umwagiliaji, robo tatu imelala chini, nyayo kama masinia. Juzi usiku. Akaniuliza, mwanangu, ni kweli huko chini mna watoto wa tembo mnawapa maziwa kwa chupa?

Nikamwambia ni kweli mama.

Akaniangalia. Akasema mimi siwachukii, baba yangu alitukataza kuwachukia, lakini niambie mimi nani ananipa chupa.

Sikuwa na jibu, na sijifanyi ninalo leo. Nilimwambia pole, niliandika mahali na ukubwa wa shamba, askari akaahidi kupeleka taarifa ya kifuta jasho. Tukasaidiana kuokota mahindi ambayo yangefaa kuchoma. Wakati tunaokota ndo akaniambia kitu cha maana kuliko vyote vya wiki hii: kwamba tembo hawakula shamba lote, wamepita njia moja, wamechagua, walikuwa wanashika hindi wanalimenya maganda polepole, yeye aliwasikia akiwa ndani na watoto, "walikuwa hawana haraka kabisa". Hata kwenye wizi tembo anakula polepole. Nimeliandika hilo kwenye daftari na tarehe.

Wengine wa kijiji kile wameanza kutundika mizinga kwenye uzio, kwa sababu tembo anaogopa nyuki, hii Lucy King aliifanyia kazi sana Kenya. Mama anasema mizinga ni hela.

Tumerudi kituoni saa moja usiku, nyuma ya gari matawi ya oltepesi na mswaki ya kupogoa. Kupogoa, sio kukata, mzee alisimamia kila tawi.

Jumamosi

Kikao asubuhi chini ya mti, walezi wote, mama wa jikoni, Babu katikati. Nilitaka aanze yeye na akaanza yeye: "Juzi nimemwona tembo anapiga nyasi gotini nusu dakika kwa tonge moja. Shangazi hajawahi kupiga nyasi gotini. Nyasi zetu hazina udongo."

Tulichobadilisha leo. Mabingobingo hayakatwi tena, yanaingia na mashina yake yote, mengine na mizizi na udongo wake. Hei haimwagwi chini, inajazwa kwenye neti za vitunguu na kufungwa juu kwa kamba ya manila mara mbili, urefu ambao lazima anyooshe mkonga na kuchomoa kidogo kidogo, na mlezi yupo muda wote kuangalia asimeze neti, zikichanika zinatolewa palepale. Nitakuja kuleta za minyororo hapo baadaye, neti ni za kuanzia tu. Matawi yanafungwa kwenye nguzo sehemu tano tofauti za boma. Vigogo vya migomba tumepewa na majirani wa juu, vizima, avipasue mwenyewe. Pumba zimepunguzwa, sio kufutwa ghafla kwasababu tumbo linavurugika, kila siku kidogo. Ndizi mbivu zimebaki tatu kwa siku za kumwekea dawa na za kumfundisha anyanyue mguu tukague kucha. Mama wa jikoni aliumia, nilimwona. Nikamwambia mama wewe ndo utaficha chakula, kila siku mahali tofauti, wewe ndo unajua kuficha. Akatabasamu kidogo, akaenda kusukumiza karoti kwenye matundu ya gogo kubwa.

Na saa. Hakuna tena saa kumi kamili. Babu atapiga karata kila asubuhi kuchagua saa za kuingiza chakula, na kimoja kitakuwa usiku wa manane, kwasababu usiku wa tembo ni mrefu, porini analala masaa machache tu, muda mwingine anakula.

Kaka alivipasua vigogo vya mgomba kwa kuvikanyaga, maji yanaruka, Dogo anakimbia huku na huku anapiga kelele. Shangazi alisimama mbali dakika arobaini. Nilianza kuogopa. Alafu akaenda kwenye tawi la oltepesi, akalinusa toka chini mpaka juu, akalishika, hakula. Akaliachia. Akalishika tena. Alizaliwa porini yule, amekaa na mama yake muda gani hakuna anayejua. Akaweka ncha ya tawi mdomoni, akalivuta kwa pembeni, majani na miba yote vikabaki ndani, akatafuna, macho yamefumba nusu. Babu alikuwa amesimama nyuma yangu, hakusema kitu, akavua kofia.

Jioni ya leo Y tatu tu kwenye daftari. Ni siku moja, siku ya kwanza, mambo mapya yanamshtua mnyama yeyote, siwezi kusema nimepata jibu. Inabidi miezi. Nimewaachia walezi madaftari mawili, yule kijana wa "anasikiliza muziki" ndo amechukua la kwanza na anaandika herufi nzuri kuliko mimi.

Jumapili, usiku

Nimekaa nje tangu saa tatu usiku na tochi nyekundu. Baridi. Ndege moja imeshuka KIA alafu kimya.

Kwenye giza unasikia vitu. Kutafuna. Mchanga. Dogo anapumua. Na kuna ule mngurumo wao wa chini, wa tumboni, nusu yake sikio la mtu halisikii kabisa unaishia kuuhisi kifuani. Katy Payne aliuhisi hivyo hivyo mwaka 1984, amesimama karibu na mabanda ya tembo kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, hewa inatetema, na ndo ikajulikana kwamba tembo wanaongea kwa sauti za chini zinazosafiri kilomita nyingi. Tembo wa kufugwa walitufundisha jambo kuhusu wa porini, na mimi wiki hii nimeenda porini kutafuta cha kuwarudishia.

Saa nane usiku Babu aliingiza matawi kimyakimya. Shangazi akala. Saa tisa amelala ubavu, kabisa, mara ya kwanza namwona, dakika hamsini.

Saa kumi na nusu akaenda getini, akaanza. Kulia, kushoto. Nikaangalia, matawi yapo, hei ipo, kwanini sasa. Nikasikiliza. Nyuma ya jiko kijana wa zamu alikuwa anachukua ndoo za maziwa ya Dogo kwenye ndoano, bati linagongana na bati. Kla, kla. Miaka yake yote pale, sauti ile ndo chakula kinakuja.

Nikamwamsha Babu nikamwambia Babu, ni ndoo. Tukasimama wote tunasikiliza, kijana akagonga tena bila kujua, Shangazi akaongeza mwendo. Babu akaenda jikoni na kandambili zake, akamnong'oneza kijana, akazitoa ndoo moja moja kwenye ndoano huku ameshika mishikio isigongane, akazifunga na kitenge cha mama wa jikoni, akazipeleka stoo ya mbali kule kwenye mabanda ya mbuzi. Alivyorudi akaniambia kesho tununue za plastiki.

Nikaandika saa. Kumi na moja kasoro tano, Y. Kumi na moja kamili, Y. Kumi na moja na tano, S. Na dakika kumi, alikuwa ameenda kwenye nguzo ya tatu, na nikasikia tawi linavunjika.